Miguu Kwanza, Panga Baadaye: Ushauri Wetu Kuhusu Ombi la Vijana wa Karakana Pemba

(Hotuba ya ofisi ya miradi ya dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, Chake Chake)

 

 Tumeombwa tuzungumzie ombi la vijana wanaojifunza uchomeleaji hapa Chake Chake, ambao wanataka wasaidiwe kuunda jairopleni, yaani chombo kidogo cha kuruka cha mtu mmoja. Si wa kwanza kuwa na hamu hiyo. Mwaka 2016 vyombo vya habari vilimtangaza fundi wa Tunduma aliyeunda helikopta katika karakana yake. Baadhi ya kamati zimetuuliza kama ni halali fedha za sharika kuingia katika jambo la namna hii. Ushauri wetu ni mfupi: tugharamie miguu ya kutua na majaribio yake. Injini na panga zisubiri.

Tunaomba mtuvumilie tueleze sababu.

JAIROPLENI NI CHOMBO GANI?

Wengi wanaifananisha na helikopta, kwa kuwa ina panga kubwa juu. Lakini katika helikopta injini ndiyo inayozungusha panga. Katika jairopleni injini husukuma chombo mbele tu, na panga la juu huzungushwa na upepo unaopita kutoka chini kwenda juu. Mhandisi Juan de la Cierva wa Hispania ndiye aliyefanikiwa kukirusha chombo cha aina hii, Januari 1923. Faida yake ni kwamba injini ikizimika angani panga huendelea kuzunguka, na chombo hushuka taratibu kiasi.

Mwaka 1957 Igor Bensen, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyeishi Marekani, alirusha jairopleni yake iitwayo B-8M. Aliuza michoro yake, na watu wakaunda vyombo nyumbani kwa mabomba ya alumini na vifaa vya kununua dukani. Vijana wetu wanafuata njia hiyo. Lakini chombo cha Bensen hakikuwa na springi za maana miguuni. Kishindo cha kutua kilibebwa zaidi na matairi madogo.

MAGOTI YA CHOMBO

Hapa Pemba kila mtu amemwona mchumaji wa karafuu akiruka kutoka tawi la chini. Hukunja magoti. Akiruka huku miguu imenyooka kama fimbo, atalala hospitali. Urefu aliorukia ni uleule na uzito wake ni uleule. Tofauti ni nafasi ambayo mwili umepewa ili usimame.

Tuchukue mfano. Chombo pamoja na rubani wake kina kilo 300, na kinagusa ardhi kikishuka mita 3 kwa sekunde. Hiyo ni sawa na kukiangusha kutoka urefu wa sentimita 46 hivi. Kama matairi peke yake ndiyo yanayobonyea, tuseme sentimita 3, kishindo kwa wastani hufika mara 15 ya uzito. Rubani wa kilo 70 hukandamizwa kana kwamba ana kilo 1,050, na mzigo huo unapita kwenye uti wa mgongo. Miguu ikiweza kukunjika sentimita 18, kishindo kinashuka hadi mara mbili na nusu, yaani kilo 175. Rubani atashtuka, kisha atashuka kwa miguu yake.

Ndugu wajumbe, hizo sentimita 15 za tofauti ndizo tunazowaomba mzilipie.

SPRINGI PEKE YAKE HAITOSHI

Mtu anaweza kusema: basi tufunge springi kali, yaishe. Hapana. Springi hupokea nguvu na kuirudisha. Chombo kitatua, kisha kitarushwa juu tena kama mpira. Kwa ndege ya kawaida huo ni usumbufu. Kwa jairopleni ni hatari zaidi, kwa sababu uzito wake mwingi uko juu na panga bado linazunguka. Gurudumu moja likirushwa kuliko jingine, chombo huinama, panga hupiga ardhi, na kazi ya mwaka mzima huvunjika kwa dakika moja.

Kwa hiyo nguvu haina budi kumezwa isirudi. Kazi hiyo hufanywa na oili ndani ya shokapu: oili husukumwa kupita kwenye tundu dogo, nayo nguvu ya kishindo hugeuka kuwa joto. Ukigusa shokapu ya pikipiki iliyotoka safari ndefu ya barabara mbovu utalisikia joto hilo.

Zipo njia nyingine. Ndege za Cessna Caravan tunazoziona zikitua hapa Pemba zina miguu ya nyuma ya chuma cha springi, wazo lililoanzishwa na rubani wa mashindano wa Marekani, Steve Wittman. Mguu huo ukikandamizwa, magurudumu hutanuka kwenda nje, na msuguano wa matairi na lami humeza sehemu ya nguvu. Lakini kwenye majani mabichi au tope msuguano huo hupungua. Gurudumu la mbele lina shokapu ya oili.

Kanisa letu linaijua thamani ya miguu imara. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, kwa miaka mingi ilifikisha kliniki za mama na mtoto katika vijiji vya mbali kwa ndege za shirika la MAF, zikitua kwenye viwanja vya udongo. Katika viwanja vya namna hiyo, miguu ya ndege hupata taabu kuliko kitu kingine chochote.

SHOKAPU ZA PIKIPIKI

Vijana wamependekeza kutumia shokapu za nyuma za pikipiki, kwa kuwa zinapatikana na wanazijua. Wazo ni zuri, lakini lina masharti matatu.

Kwanza, shokapu hizo hukunjika kidogo, sentimita chache tu. Ili gurudumu lisafiri sentimita 18 itabidi kutumia mkono wa wenzo. Wenzo unaozidisha safari mara mbili huzidisha pia mzigo juu ya shokapu mara mbili. Bolti, vishikio na viungo vya kuchomelea vipimwe kwa mzigo huo uliozidishwa.

Pili, shokapu iliyotumika mara nyingi imevuja oili. Kwa macho inaonekana nzima, lakini imebaki springi tupu.

Tatu, hewa yetu ya chumvi hula chuma. Mguu uliopimwa wakati wa kaskazi huenda umepata kutu ndani kabla ya kusi kwisha. Ukaguzi uandikwe kwenye daftari, si kwa kukumbuka.

JARIBIO TUNALOOMBA LIGHARAMIWE

Tunaomba fremu ya chuma, chenibloku, mifuko ya mchanga ya kufikisha kilo 300, mzani, na seti mbili za miguu. Miguu itafungwa chini ya fremu yenye mchanga na kuangushwa kutoka sentimita 5, kisha 10, 20, 30, na mwisho 46. Kila mara vijana watapaka grisi kwenye fimbo ya shokapu ili alama ionyeshe imekunjika kiasi gani. Watahesabu imeruka mara ngapi kabla ya kutulia. Watakagua kila kiungo. Baada ya hapo wataiangusha ikiwa imeinama, gurudumu moja litangulie, maana ndivyo upepo wa pembeni unavyofanya.

Mguu ukivunjika, tutakuwa tumepoteza chuma na mchanga. Hakuna mama atakayelia.

TUNACHOSEMA KWA WAFADHILI

Tunapenda kuwa wakweli kwenu. Tunajua maumivu ya kisiwa hiki. Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikija Pemba kutoka Unguja, na hadi leo ziko nyumba zenye msiba huo. Ni rahisi mtu kusimama hapa na kusema kwamba jairopleni itaokoa wagonjwa. Haitaokoa. Ni kiti kimoja, na hakina nafasi ya machela. Kama haja ni dawa, mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, bila kumweka mtu hatarini.

Tena sheria iko wazi. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, nayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ndiyo yenye kauli. Bila idhini yake hakuna kijana atakayeinua chombo hata mita moja kwa fedha za sharika.

Basi tunapata nini? Tunapata mafundi wanaojua kupima kabla ya kuamini. Fremu hiyohiyo itapima miguu ya machela ya kukokotwa na pikipiki, ambayo tungependa iwe kazi yao ya kwanza. Mama mjamzito au mtu aliyevunjika mguu, akisafirishwa kwenye njia za mawe kutoka mashambani, anahitaji springi laini na oili ya kumeza kishindo kuliko mtu yeyote. Hesabu ni ileile.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mtu anayejenga nyumba mpya aliamriwa kuweka ukingo juu ya dari, ili akianguka mtu damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Amri hiyo haikukataza kujenga wala kupanda juu. Ilidai ukingo uwepo. Nasi hatuwakatazi vijana kutazama juu. Tunawaomba waweke ukingo kwanza.

Kamati zikirudi sharikani, tunaomba zijadili mambo mawili: kugharamia fremu ya majaribio, na kumteua mjumbe mmoja kutoka kila usharika awepo siku za majaribio na kutia sahihi katika daftari. Wafadhili wetu, tunaomba msaada wenu uelekezwe huko, na msitume injini hata mkiipata bure, mpaka daftari hilo lijae.

Mungu awabariki, na ailinde mikono ya vijana wetu.