Ukurasa Mweupe Usikutie Kiwewe

Msikilizaji, leo naomba hicho kidole kitulie. Umejaza fomu ya chuo kwenye simu, umebonyeza kulipa, ukurasa umegeuka mweupe pe. Unafanya nini? Unabonyeza tena. Na tena. Kesho unalalamika umekatwa mara mbili!

Weupe ule si jibu. Ni rangi ya kivinjari chenyewe. Ukurasa usipoleta rangi zake, kivinjari huweka za kwake: nyuma nyeupe, maandishi meusi, viungo vya buluu, na vile ulivyokwisha kufungua huwa zambarau. Shika hili: ombi lako huenda limeshafika kwenye seva, pesa imeshakatwa, ila jibu halijarudi. Au limerudi, na kivinjari kinasubiri faili linalobeba rangi na mitindo ya ukurasa kabla hakijachora chochote. Mtandao ukisuasua, utasubiri sana.

Juzi nilikuwa kwenye duka la steshenari. Binti mmoja aliona weupe, akavuta ukurasa ujifungue upya. Kikatokea kisanduku kinachouliza: utume fomu tena? Akakubali bila kusoma. Meseji za makato zikaingia mbili, zimefuatana. Jamani, kisanduku kile ndicho onyo! Kinakwambia kwamba ulichojaza kitatumwa mara ya pili. Kwa nini hatusomi? Tunabonyeza "ndiyo" kama tunafukuza nzi.

Na nyinyi mnaotengeneza tovuti, msijifiche. Mnaweka maandishi meupe juu ya picha nyeusi, rangi ya nyuma hamuipangi. Kwenye simu ya bando dogo picha haifunguki, inabaki ile nyeupe ya kivinjari, na maandishi meupe yanapotelea humo humo. Mtu ameandikiwa "malipo yamepokelewa" na haoni herufi hata moja! Unadhani hatabonyeza tena? Ukipanga rangi ya maandishi, panga na ya nyuma. Ni mstari mmoja tu. Na programu ya seva ikikwama, toeni ujumbe wa kosa, msimwachie mtu ukurasa mtupu.

Wewe mlipaji, ukiona weupe, fungua meseji kwanza. Kama makato yameingia, kitufe cha kulipa usikiguse kabisa. Ingia kwenye akaunti yako ya chuo, tazama kama malipo yameandikwa. Hayapo? Wapigie simu watu wa chuo, namba ya muamala ikiwa mkononi.