Sheria Ambazo Hazikuandikwa

Mwenye Biblia karibu naye na afungue Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 1 na ya 2, habari za Hana mkewe Elkana. Leo twataka kunena na wazazi, na hasa akina mama wenye watoto wadogo. Lakini baba asiondoke, wala nyanya asiseme siku zake za kulea zimepita, maana jambo lenyewe lawahusu wote.

Kila nchi ina sheria zake zilizoandikwa. Hapa kwetu Kenya tunayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na Katiba ya mwaka 2010 inataja haki za mtoto katika kifungu cha 53. Kanisa nalo lina kanuni zake. Lakini iko sheria nyingine ambayo haimo katika kitabu chochote. Hakuna bunge lililoipitisha wala askofu aliyeitia sahihi, na hata hivyo kila mama huijua kabla mtoto wake hajatimiza siku arobaini. Hufundishwa kwenye benchi la kliniki akina mama wakingoja watoto wapimwe uzani. Hufundishwa bombani, katika chama, na chini ya mti baada ya ibada ya Jumapili. Haifundishwi kwa maneno mengi. Jicho moja latosha, au kicheko kidogo, au mtu kunyamaza ghafula unapokaribia.

Sheria hiyo yasemaje? Yasema kwamba mama wa kweli huzaa kwa nguvu zake, na aliyepasuliwa hospitalini aliogopa uchungu. Yasema mama mwema hamwachi mtoto na msichana wa kazi. Kisha yasema tena kwamba mama mwema hakai nyumbani akingoja mkono wa mume. Yasema asiyemchapa mtoto anamharibu. Nawe ukivuka barabara ukaingia mtaa mwingine, utasikia kwamba anayemchapa ni mnyama. Aliyempeleka mtoto shule ya bweni amemtupa, na asiyempeleka hamtakii maendeleo. Tazameni, wasikilizaji: ukiitii sheria moja umekwisha kuivunja ya pili. Hakuna mzazi awezaye kusimama mbele ya baraza hilo akatoka bila hatia.

Tena yako maneno ambayo mzazi hapaswi kuyatamka. Mama asiseme, "Nampenda mtoto wangu, lakini nimechoka." Asiseme, "Tangu nijifungue sijaona furaha, nalia usiku bila kujua sababu." Mume na mke wasiseme, "Watoto wawili wanatutosha." Baba asionekane akifua nepi, na akionekana, mkewe ndiye atakayesemwa. Anayethubutu kusema hivyo hapigwi mawe. Huachwa tu peke yake na maneno yake, na siku nyingine atanyamaza.

Sasa twende Shilo. Hana hakuwa na mtoto. Penina, mke mwenziwe, alikuwa na watoto, naye alimchokoza mwaka baada ya mwaka hata Hana akawa analia asile chakula. Akaingia hekaluni akamwomba Bwana kwa uchungu wa roho. Midomo yake ilitikisika lakini sauti yake haikusikiwa. Kuhani Eli akamtazama kinywa, akakata shauri kwamba mwanamke huyu amelewa. Akamkemea.

Tuliangalie kosa la Eli vizuri. Eli hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu wa dini, akilinda heshima ya nyumba ya Mungu. Lakini alihukumu kwa jicho kabla ya kuuliza kwa kinywa. Na sura ya 2 yatuonyesha kwamba huyu aliyekuwa mwepesi wa kumkemea mwanamke asiyemjua, wanawe mwenyewe, Hofni na Finehasi, walikuwa wakizidharau sadaka za Bwana, na maonyo aliyowapa yalikuja wakati wa uzee, wasiyasikie. Ndivyo ilivyo mara nyingi. Macho yanayoona haraka vumbi la nyumba ya jirani huchelewa kuona moshi wa nyumba yao.

Lakini kisa hakiishii hapo. Mungu alimpa Hana mtoto, naye akamnyonyesha Samweli hata akamwachisha ziwa, kisha akampeleka Shilo, akamwacha kwa mzee Eli. Hebu fikirini habari hiyo ingepokewaje leo kwenye benchi la kliniki! "Mtoto amekwisha tu kuachishwa ziwa, naye amemwacha kwa mzee ambaye hata wanawe walimshinda? Mama gani huyu?" Biblia haimwiti mama mbaya. Yatuambia kwamba kila mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo akampelekea. Hana hakumwona mtoto kila siku, lakini kila mwaka aliijua saizi ya kanzu yake. Wako akina mama katika makanisa yetu wanaofanya kazi Nairobi, au Saudia, na watoto wao wako kwa nyanya huko nyumbani. Nguo na karo wanazozituma ndizo kanzu ndogo za leo. Kabla hujasema, "Amemtupa mtoto," uliza kwanza ni nani aliyeishona kanzu anayoivaa mtoto huyo.

Huenda mtu akasema, "Mchungaji, hayo ni maneno tu ya akina mama, hayana madhara." La, ndugu yetu. Maneno hayo yana madhara, na yamegusa hata uhai wa watoto.

Tukumbuke yaliyotokea katika vita vyetu na UKIMWI. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, mama mwenye virusi alishauriwa kwamba, kama angeweza kupata maziwa mengine kwa usalama na bila kukoma, asimnyonyeshe mtoto. Kama hangeweza, alishauriwa ampe maziwa yake peke yake kwa miezi ya kwanza, bila maji wala uji. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini ulikuwa umeonyesha kwamba kuchanganya, yaani kunyonyesha huku ukimpa mtoto vyakula vingine, kulikuwa na hatari kubwa zaidi ya kumwambukiza kuliko kunyonyesha peke yake. Basi mama alitoka kliniki na shauri hilo, akafika nyumbani, akaikuta sheria ile isiyoandikwa inamngoja mlangoni. Akishika chupa, majirani waliuliza kwa macho, "Mbona hanyonyeshi? Ana nini?" Akinyonyesha bila kutoa maji wala uji, mama mkwe alisema, "Unataka kumwua mjukuu wangu kwa njaa?" Basi wapo waliofanya yote mawili, ziwa mbele ya wageni na chupa kwa siri, au ziwa kwa kumtii muuguzi na uji kwa kumtii mama mkwe. Walifanya jambo lile lile walilokatazwa, wala si kwa ujinga wala kwa kukosa upendo. Walifanya hivyo kwa kuogopa watu.

Tumshukuru Mungu kwamba mashauri yamebadilika. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limefundisha kwamba mama anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi aweza kunyonyesha, kwanza maziwa yake peke yake kwa miezi 6, kisha na vyakula vingine, na hatari kwa mtoto huwa ndogo sana. Lakini dawa haziwezi kuondoa hofu ya jirani. Mama atakayezificha dawa zake ili mgeni asizione, na siku ya mgeni akaacha kuzimeza, yuko katika hatari ile ile. Ndiyo maana twasema kwamba kumhukumu mzazi si mchezo. Mzazi anayeogopa kusemwa haulizi, na asiyeuliza hasaidiwi, na mtoto ndiye alipaye deni.

Je, tunasema basi kila mzazi afanye apendavyo? Hasha. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kanisa lililonyamaza mtoto akiumizwa halikulitunza kundi. Lakini yatupasa kuyatenga mambo matatu ambayo tumezoea kuyatia katika chungu kimoja.

Kwanza, yako aliyoagiza Mungu. Tumpende mtoto, tumfundishe njia ya Bwana, tusimchokoze kwa hasira, kama Mtume Paulo awaagizavyo akina baba katika Waefeso sura ya 6. Ukihesabu maagizo ya namna hiyo katika Agano Jipya utaona ni machache mno. Hapo hatuna ruhusa ya kupunguza.

Pili, yako yanayolinda uhai na mwili wa mtoto. Chanjo ya surua katika miezi 9 na tena katika miezi 18 si jambo la kupendezwa au kutopendezwa. Kadhalika fimbo. Kiboko shuleni kilipigwa marufuku mwaka 2001, na Katiba yetu hailindi mkono wa mtu yeyote anayemjeruhi mtoto. Hapa tuseme wazi, lakini tuseme kama wasaidizi. Mama aliyekosa tarehe ya chanjo kwa sababu hakuwa na nauli, mpe nauli. Baba anayepiga kwa sababu alilelewa kwa kupigwa, keti naye umwonyeshe njia nyingine.

Tatu, yako mengine yote, nayo ndiyo mengi. Mtoto alizaliwaje, alale na nani, yaya awepo au asiwepo, bweni au shule ya kutwa, watoto wawili au sita. Katika mambo kama hayo Paulo, akiwaandikia Warumi sura ya 14, aliwakataza wanaokula na wasiokula kudharauliana, kwa kuwa kila mtu atatoa hesabu yake kwa Mungu. Basi msiba wetu ni kwamba tunayafanya haya ya tatu kuwa makali kama ya kwanza, na ya pili tunayanong'ona tu. Tunamsema mwenye maziwa ya kopo kwa sauti, halafu tunanyamaza tusikiapo mtoto wa jirani akipigwa usiku.

Tufanyeje? Turudi kwa Eli, maana tusimwache katika kosa lake. Hana alipomjibu kwa heshima kwamba hakulewa bali alikuwa akimimina roho yake mbele za Bwana, Eli hakushindana naye. Alisikia, akageuza neno lake, akambariki aende kwa amani. Nao uso wa Hana haukukunjamana tena siku ile, hata kabla ya mtoto kuja. Basi mzee wa kanisa, nawe mama kiongozi, fanyeni alivyofanya Eli mara ya pili, wala si mara ya kwanza. Sikieni ndipo mseme.

Wengi wetu tumelelewa na umoja wa akina mama ulioanzishwa na Mary Sumner, mke wa kasisi kule Uingereza, mwaka 1876. Alikumbuka jinsi kazi ya umama ilivyomlemea alipompata mtoto wake wa kwanza, akawaita akina mama wa parokia, matajiri kwa maskini, wasaidiane. Nao mkutano wa kwanza alishindwa kusema kwa woga, akawaomba warudi juma lililofuata. Wakarudi. Umoja ule haukuanzishwa na mama aliyejua yote. Ulianzishwa na mama aliyejua kwamba kazi hii ni nzito. Itakuwa aibu kubwa ikiwa vitambaa vyetu vya sare vitakuwa ukuta, na mama mwenye shida aogope kuuvuka.

Na wewe mama unayesikiliza redio usiku huu, mtoto akiwa mapajani, nawe una neno ambalo hujamwambia mtu, hebu tuseme nawe. Kama umelia siku nyingi tangu ujifungue na moyo umekuwa kama jiwe, huo si ukosefu wa imani. Ni ugonjwa wanaoujua wauguzi na madaktari, nao unatibika. Mwambie muuguzi kesho. Mwambie pia mtu mmoja wa kanisa ambaye hujawahi kumsikia akisema wengine. Hana hakuwa na sauti, lakini Bwana alimsikia.

Na tuombe. Ee Bwana uliyesikia maombi yasiyo na sauti, uwatie nguvu wazazi wote wanaolea katika hofu. Uvilinde vinywa vyetu kwenye kliniki, katika chama, na nje ya milango ya kanisa lako. Utupe masikio kabla ya ndimi. Uwalinde watoto wetu, walio karibu nasi na walio mbali, kila mmoja katika kanzu yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.