Jino la Mutoto Halileti Laana
Masomo: Ezekieli 18:1-4, Mathayo 18:1-6



Waisraeli walikuwa na mezali juu ya meno. Walisema wazazi wamekula zabibu kali, na watoto ndio wanapata ganzi ku meno. Maana yake, mutoto analipa deni la mutu mwingine. Mungu alikataza mezali hiyo isisemwe tena. Kila nafsi ni yake, ya baba na ya mutoto pia, na kila mutu anajibu kwa zambi yake mwenyewe.

Ndugu zangu, sisi hapa Kolwezi tuko na desturi nyingi juu ya meno ya watoto. Tuzitenganishe leo, maana kuna muchezo, na kuna jambo linaloua.

Tuanze na muchezo. Mutoto akifikia karibu miaka 6, jino la mbele linatikisika. Siku linaanguka, nkambo anamwambia alitupe juu ya mabati, amuombe panya amupe lingine zuri. Juu ya nini panya? Sababu meno ya mbele ya panya hayaachi kukomaa maisha yake yote. Kwa wengine, kufuatana na desturi ya Kifaransa, panya anakuja usiku, anachukua jino chini ya muto wa kulalia na kuacha feza kidogo. Musanga, Mulunda, Mutshokwe na Muluba wanakaa lupango moja, na watoto wao wanafundishana.

Je, ni zambi? Siwezi kugombana na nkambo sababu ya kicheko cha mutoto. Lakini mama, kisha kucheka, umwambie kweli. Meno ya utoto ni 20, ya ukubwa ni 32. Jino jipya linatayarishwa ndani ya mufupa wa taya miaka mingi mbele ya lile la kwanza kuanguka. Mbele mutoto hajaomba panya, Mungu ameisha kutayarisha. Umufundishe kumushukuru yule anayetoa. Tena usimutie woga kwamba mulozi ataokota jino lake. Mutoto alale na amani.

Jambo la pili ni zito. Kwa kawaida meno ya chini ndiyo yanatangulia kutoka, karibu na mwezi wa 6. Kwa watoto wengine, ya juu yanatangulia. Mutoto wa namna hiyo, Waluba walimuita lutala, Watabwa walimuita kinkula, na Waswahili wa pwani ya bahari walimuita kigego. Watu wa zamani waliogopa kwamba kila jino lake likianguka, mutu mumoja wa jamaa atakufa. Kwa sababu hiyo watoto walitupwa majini. Mutoto alikosa nini? Meno yalifuata njia nyingine tu, kama vile mutoto mumoja anatembea mapema na mwingine anachelewa.

Tusiseme mambo hayo yamekwisha. Jina ndilo limebadilika. Leo baba akifunikwa na udongo kwenye shimo la madini, ao akipoteza kazi ku kompani, kuna mutu anayetafuta mutoto wa kubeba lawama: yatima, yule anayekojoa usiku, yule mwenye meno yasiyo kama ya wengine. Anaitwa mulozi. Na neno la uchungu zaidi, mara nyingine jina hilo linatolewa ndani ya chumba cha maombi. Mutoto ananyimwa chakula, wanasema ni kufunga. Anapigwa mpaka akubali. Kisha anafukuzwa, nasi tunamukuta ku soko na kumuita shegue. Ndugu, hiyo ni ile mezali ya zabibu, imerudi kanisani.

Hata sheria ya inchi inakataza. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kushitaki mutoto kwamba ni mulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto, kifungu cha 160, inapanga gereza la mwaka 1 mpaka miaka 3, pamoja na kulipa feza. Haichagui pastori, baba mudogo wala nkambo.

Wanafunzi walipouliza nani ni mukubwa, Yesu aliita mutoto, akamusimamisha katikati yao. Alisema anayemupokea mutoto kama huyo anamupokea yeye. Na kwa yule anayemukwaza, alitaja jiwe la kusagia shingoni na vilindi vya bahari. Munaona? Wazee walitupa mutoto majini, lakini Yesu anasema mukubwa anayemutesa ndiye wa kuogopa maji.

Basi, mama ambaye mutoto wako ametanguliza meno ya juu, usimufiche. Umulete kanisani, tushukuru pamoja. Mama mukwe akinungunika, umusomee Ezekieli 18 kwa heshima. Mutoto akipata homa kali ao kuhara, usiseme ni meno tu, umupeleke ku hospitali. Na kama katika lupango yenu kuna mutoto anayeitwa mulozi, usipite kando. Umupe chakula, uketi na wazazi wake, uite wazee wa kanisa wenye upole. Akiteswa, uende ku polisi.

Tuombe. Baba, wewe uliyepanga kila jino katika kinywa cha mutoto, utuondolee woga uliotufanya wakali. Urudishe nyumbani wale tuliowafukuza, na utupe mikono ya kuwapokea. Kwa jina la Yesu. Amina.