Hesabu Kabla ya Mtaji: Hotuba ya Mahafali kwa Wahitimu wa Ufundi



Mhitimu wa ufundi stadi nchini Tanzania, awe wa ushonaji, uchomeleaji, useremala au usindikaji wa vyakula, huondoka chuoni na cheti kinachothibitisha kwamba mikono yake inaweza kutengeneza kitu ambacho mtu mwingine yuko tayari kukilipia, lakini cheti hicho hakisemi lolote kuhusu uwezo wake wa kujua kama kitu hicho kimempatia faida au kimemtia hasara. Katika mahafali mengi vijana huhimizwa kujiajiri, na himizo hilo ni sahihi, ila mara nyingi huishia hapo, kana kwamba ujasiri peke yake hulipa kodi ya fremu. Hotuba hii ina hoja moja tu: biashara ndogo hukuzwa kwanza kwa hesabu, kisha kwa mtaji, kwa sababu fedha inayomiminwa katika biashara isiyohesabiwa humfanya mwenyewe apoteze nyingi zaidi kwa muda mfupi zaidi.

Inafaa kwanza ijulikane ni biashara ya ukubwa gani inayozungumziwa. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 huita biashara ndogo sana ile yenye wafanyakazi wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, na huita biashara ndogo ile yenye wafanyakazi kati ya 5 na 49 na mtaji unaozidi milioni 5 lakini usiovuka milioni 200. Wahitimu walio wengi wataanzia katika kundi la kwanza, na kwa wengi wao kukua kutakuwa na maana moja ya wazi, yaani kulivuka kundi hilo na kuajiri mtu wa tano. Serikali imekuwa na taasisi za kuwasaidia kwa miongo kadhaa, kwani Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ilianzishwa mwaka 1994. Hata hivyo hakuna taasisi itakayoketi dukani kila jioni kumhesabia mwenye duka mauzo yake.

Mfano wa fundi cherehani anayeshona mashati ya sare za shule unatosha kuonyesha hesabu inavyofanya kazi. Iwapo shati moja linauzwa kwa shilingi 15,000, kitambaa chake kinagharimu 7,000, uzi na vifungo 1,000, na msaidizi analipwa 2,000 kwa kila shati, basi shilingi 10,000 ni gharama zinazobadilika, yaani gharama zinazopanda na kushuka kulingana na idadi ya mashati yanayoshonwa, na shilingi 5,000 zinazobaki ndizo mchango wa shati hilo katika kulipia mambo mengine yote. Wafanyabiashara wengi wachanga huziita shilingi hizo 5,000 faida, wakazila jioni ileile, na hapo ndipo kosa linapoanza, kwa kuwa bado hazijakutana na gharama za kudumu, ambazo ni zile zinazodaiwa hata mwezi ambao hakuna shati lililouzwa.

Gharama hizo za kudumu huweza kuwa hivi kwa mwezi: kodi ya fremu 80,000, umeme wa LUKU 20,000, ulinzi na ushuru mdogo mdogo 20,000, akiba ya kubadilisha cherehani 30,000, na mshahara wa mwenye biashara 250,000, jumla shilingi 400,000. Zikigawanywa kwa mchango wa 5,000, jibu ni mashati 80, na idadi hiyo huitwa kiwango cha kurudisha gharama, maana yake ni kwamba shati la 80 humaliza kulipa madeni ya mwezi na shati la 81 ndilo la kwanza kuleta faida halisi. Fundi anayeijua namba hiyo hujua, ifikapo tarehe 15, kama mwezi unakwenda vizuri au la, ilhali asiyeijua husubiri mwenye fremu amgongee mlango ndipo ajue.

Mambo mawili katika orodha hiyo huachwa na watu wengi, nayo yanastahili kuelezwa kwa kirefu. La kwanza ni akiba ya kubadilisha cherehani, inayotokana na uchakavu, yaani kupungua kwa thamani ya chombo kadiri kinavyotumika. Mashine iliyonunuliwa kwa shilingi 1,440,000 na inayotarajiwa kufanya kazi kwa miaka minne humaliza shilingi 30,000 za thamani yake kila mwezi, ingawa hakuna mtu anayekuja kuzidai, na fundi asiyeziweka kando hujikuta siku mashine inapokufa akilazimika kukopa ili aendelee kufanya kazi aliyokwisha kuifanya kwa miaka minne. La pili ni mshahara wa mwenye biashara, na hapo ndipo penye ugonjwa mkubwa zaidi wa biashara ndogo. Asiyejiwekea mshahara hadhani kwamba anajilipa, lakini hujilipa kila siku kwa kuchota: nauli asubuhi, mboga jioni, mchango wa harusi Jumamosi, ada ya mdogo wake mwezi Januari, na kwa kuwa kila mchoto ni mdogo na una sababu ya haki, hakuna unaoonekana kuwa ndio uliokula mtaji. Mshahara uliopangwa, hata ukiwa mdogo mno, humpa mwenye biashara jibu la kweli na la heshima kwa ndugu wanaomtegemea, kwamba fedha iliyomo dukani si yake mpaka mwisho wa mwezi. Wazazi na walezi waliohudhuria wana sehemu yao katika jambo hili, kwani biashara nyingi za vijana hudhoofishwa na familia zilezile zilizozianzisha kwa upendo.

Hesabu hiyohiyo huonyesha hatari ya kushusha bei, ambayo ndiyo mbinu ya kwanza inayomjia mfanyabiashara mchanga anapomwona jirani akipata wateja zaidi. Fundi akipunguza shilingi 1,000 tu, bei itakuwa imeshuka kwa chini ya asilimia 7, lakini mchango wa kila shati utakuwa umeshuka kutoka 5,000 hadi 4,000, na kiwango cha kurudisha gharama kitapanda kutoka mashati 80 hadi 100, yaani atalazimika kuuza robo zaidi ili abaki palepale alipokuwa. Punguzo huwa na maana pale tu linapoleta wateja wa kufidia pengo hilo, na mara nyingi haliwaleti, kwa sababu jirani naye hushusha wiki inayofuata. Njia iliyo bora zaidi ni kupunguza gharama ya kitambaa kwa kununua robota moja pamoja na mafundi wengine watatu au wanne wa mtaa uleule, au kuongeza kile ambacho mteja yuko tayari kukilipia, kama vile ushonaji usiofumuka na siku ya kukabidhi isiyobadilika. Sifa hiyo ya mwisho ni adimu kiasi kwamba fundi anayesema Ijumaa na kukabidhi Ijumaa hahitaji tangazo kubwa.

Yote haya yanategemea kumbukumbu zilizoandikwa, na Waswahili wamekwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari linalotosha kwa kuanzia lina safu tano, yaani tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka na salio, likifuatana na kijitabu kidogo cha wadaiwa na hesabu ya bidhaa zilizopo inayofanywa mara moja kwa wiki. Malipo yanayopita katika simu, huduma iliyoanza nchini Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, hujiandika yenyewe, mradi namba ya biashara itenganishwe na namba ya mtu binafsi, vinginevyo mauzo ya sare na fedha aliyotuma shangazi huchanganyika na kumbukumbu hiyo haimsaidii mtu.

Kuna dhana kwamba anayeandika hesabu zake hujianika mbele ya mtoza kodi, lakini sheria yenyewe inasema kinyume. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mwenye mauzo ya shilingi milioni 6 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu alitakiwa kulipa shilingi 100,000, na yule mwenye kumbukumbu alitakiwa kulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4, ambayo ni shilingi 60,000. Viwango hubadilika, na kila mhitimu anapaswa kuviuliza upya katika ofisi ya kodi ya eneo lake, lakini mantiki yake ni hiyo: asiye na daftari hukadiriwa, na makadirio hayo hayamwonei huruma.

Baada ya daftari ndipo linapokuja suala la mkopo. Mkopo wa kwanza ambao mfanyabiashara mdogo hukutana nao hauitwi mkopo. Ni mali kauli, yaani bidhaa anazopewa na muuzaji wa jumla kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza, na mkopo huu ni mzuri kuliko mingi kwa kuwa unalipwa na bidhaa yenyewe, isipokuwa pale mwenye duka naye anapowakopesha wateja kwa muda mrefu kuliko aliopewa. Anayetakiwa kulipa kitambaa baada ya wiki mbili huku wateja wake wakimlipa mwisho wa mwezi anaweza kuwa na faida nzuri katika daftari na bado akashindwa kununua uzi, kwa maana faida na fedha taslimu ni vitu viwili tofauti.

Mikopo inayojulikana mitaani kama kausha damu inahitaji hesabu ya pekee. Mtu anakopa shilingi 500,000 na kutakiwa kurudisha 60,000 kila wiki kwa wiki 10, anaambiwa riba ni asilimia 20, naye anaona si nyingi. Lakini tangu wiki ya kwanza anaanza kurudisha, kwa hiyo hakai na shilingi 500,000 kwa wiki zote 10. Kiasi cha mtaji anachobaki nacho, kikipigiwa wastani, ni shilingi 275,000 tu, na riba ya shilingi 100,000 juu ya kiasi hicho ni zaidi ya asilimia 36, kwa muda usiofika hata miezi mitatu. Biashara halali ya sare inayozaa kiasi hicho kwa wiki 10 ni ya kutafuta kwa tochi. Kabla ya kufika huko ipo mikopo ya halmashauri isiyotozwa riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 hutengwa kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na vipo vikundi vya kuweka na kukopa kama VICOBA, ambavyo riba yake hurudi kwa wanachama wenyewe. Vyanzo hivi huenda polepole na vina vikao vingi, jambo linalowachosha vijana, lakini kuchoshwa na vikao ni nafuu kuliko kunyang'anywa cherehani.

Kuhusu soko, yapo mambo mawili ya kutajwa kwa ufupi. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za serikali kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana na wanawake, na zabuni hizo hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, hivyo kikundi cha maseremala kinaweza kutengeneza madawati ya shule ya kata yao, ilimradi kiwe na uwezo wa kusubiri malipo yanayoweza kuchelewa. Nao wasindikaji wa vyakula hawataingia katika maduka makubwa bila alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambayo mjasiriamali mdogo huanza safari ya kuipata kwa kupitia SIDO.

Suala la usajili hutajwa mwishoni katika hotuba nyingi, na hapa pia linatajwa mwishoni kwa sababu lina wakati wake. Jina la biashara linalosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, humpa mtu kitambulisho mbele ya benki na wateja, lakini kisheria haliitenganishi biashara na mwenyewe, na deni la duka linaweza kumfuata hadi kwenye kitanda anacholalia. Kampuni yenye dhima yenye ukomo ndiyo inayohesabiwa kuwa mtu wa pekee kisheria, anayemiliki na kudaiwa kwa jina lake. Hakuna haja ya fundi mwenye cherehani moja kukimbilia kampuni na masharti yake ya taarifa za kila mwaka, ila atakapofika mahali pa kuajiri mtu wa tano, kukopa benki au kuingia ubia na mwenzake, mabadiliko hayo hayafai kuahirishwa.

Wahitimu wanaombwa, kabla ya kuandika barua yoyote ya kuomba mkopo, waendeshe walichonacho kwa miezi mitatu mfululizo huku wakiandika kila kinachoingia na kutoka, wajilipe mshahara uliopangwa na wasiuvuke, kisha waipeleke hesabu hiyo kwa walimu wao wa chuo hiki ili isomwe na kukosolewa. Walimu wao nao wanaombwa wasiwafungie mlango watakaporudi na madaftari hayo.