ZANA NJEMA ISIYO NA KAZI: Maneno ya Katibu kwa Wanachama katika Sherehe ya Miaka 10



Katika siku hii ya kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, wenzetu waliotangulia wamekwisha kusema habari za tumbaku, mahindi na masoko, nao wamezisema vema. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa nafasi ya kusema jambo moja ambalo kwa macho laonekana dogo, lakini kila mwaka twalikuta katika daftari za madeni. Jambo lenyewe ni tabia ya kununua zana njema ambazo hatuna kazi nazo.

Twasema zana njema, wala hatukuteleza ulimi. Mtu anunuaye kitu kibovu huonywa upesi: chavunjika, jirani acheka, mke auliza, naye mwaka wa pili hakinunui tena. Lakini anunuaye jembe la chuma kizuri, au bomba la dawa lisilovuja, hakuna wa kumlaumu. Yeye mwenyewe hujiona mwenye busara. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Na kitu kinachojiuza hakimpi mnunuzi nafasi ya kujiuliza kama anacho kingine kama hicho nyumbani.

Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda hapa kwetu Katavi. Miche ya tumbaku hutolewa kitaluni na kupandwa shambani mvua zinapoanza. Majani huchumwa na kukaushwa katika mabani, kisha hupangwa kwa madaraja, hufungwa mitumba na kuuzwa wakati wa kiangazi. Fedha huja mara moja kwa mwaka, baada ya makato ya mbolea, dawa na nyuzi. Basi mkulima aliyekaa miezi mingi bila shilingi hutoka Mishamo, Inyonga, Karema au Usevya, akafika Mpanda mjini, akaenda benki. Kutoka benki hupita madukani. Huko hukuta panga jipya linang'aa kwa mafuta. Nyumbani anayo mapanga mawili. Hununua la tatu. Mwaka unaofuata hununua bomba la pili la kubeba mgongoni. Mwaka wa tatu hununua pampu ya maji, naye hana kisima, wala shamba lake haliko karibu na mto.

Ifikapo Januari, mahindi yamekwisha ghalani na bei ya debe imepanda. Watoto wanarudi shule, wanataka sare na madaftari. Mtu yule yule huenda kukopa mahindi kwa ahadi ya kulipa kwa mavuno yajayo, huku mabomba mawili yananing'inia ukutani. Hapo ndipo jambo dogo linapokuwa kubwa.

Si haki kuwaita watu wa namna hii wajinga. Tabia hii ina asili yake, na yafaa tuijue.

Kwanza, zamani chuma kilikuwa mali. Katika nchi ya Ufipa, jirani zetu ambao tulikuwa nao katika Mkoa mmoja wa Rukwa mpaka mwaka 2012, wahunzi waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, wakafua majembe yaliyouzwa nchi za mbali. Katika makabila mengi ya bara, jembe lilitolewa mahari. Mwenye majembe 10 nyumbani alikuwa na mali ya kuozea mwana. Na jembe likilika, halikutupwa. Lilirudi kwa mhunzi likawa kisu au kichwa cha mshale. Kwa hiyo babu zetu walipoweka majembe waliweka akiba ya kweli. Leo jembe la ziada halilipi mahari, na ukilipeleka dukani hawalipokei kwa bei uliyonunulia.

Pili, wazee waliopo hapa wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini kote, na jembe nalo likawa la kutafutwa. Mtu aliyepitia dhiki ile akiona jembe jema dukani, mkono wake huenda mfukoni kabla ya kufikiri. Hatumlaumu. Lakini maduka ya Mpanda siku hizi yana majembe mwaka mzima. Wahenga walisema akiba haiozi. Nasi twaongeza kwamba chuma hushika kutu, mpini huliwa na mchwa, na mpira wa bomba hukauka ukapasuka hata kama bomba halikupata kutiwa dawa.

Wala tusidhani kwamba tabia hii ni ya mkulima mdogo peke yake. Serikali na vyama vikubwa vimeanguka katika shimo hilo hilo, kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga katika Tanganyika: Kongwa, Nachingwea, na Urambo, ambayo haiko mbali na Kaliua, pale inapochepuka reli yetu ya Mpanda. Walitaka kufyeka ekari zaidi ya milioni 3. Yalinunuliwa matrekta kwa wingi, mengine yakiwa mabaki ya vita kutoka Filipino, na hata vifaru vya kijeshi aina ya Sherman viligeuzwa kuwa mashine za shamba. Vyuma vile vilikuwa na nguvu nyingi. Lakini visiki vya Kongwa vilivivunja, udongo wa kiangazi uliokauka kama sakafu uliyala majembe yake, na madereva waliozoea mashine walikuwa wachache. Mwaka wa kwanza walikusudia kupanda ekari 150,000. Zilizopandwa hazikupita 7,500 au karibu na hapo. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kupotea pauni zipatazo milioni 36. Zana zilinunuliwa kwanza, kazi ikatafutwa baadaye.

Somo hilo halikushika. Katikati ya miaka ya 1960, wenzetu wa ushirika katika Usukuma, chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, walinunua matrekta mengi ya kulimia mashamba ya pamoja ya pamba. Malipo ya wakulima hayakutosha gharama ya mashine. Mwaka 1966 Serikali nayo, kwa kinywa cha Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, iliacha mpango wa kuanzisha vijiji vya makazi vilivyojazwa mitambo ya gharama kubwa. Na baada ya wito wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009, trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, liitwalo pawatila, lilipelekwa wilaya nyingi. Penye majaruba ya mpunga lilifanya kazi njema. Penye udongo mgumu wa mlimani, mengi yalisimama chini ya miti.

Ndugu wanachama, msitusikie vibaya. Sisi hatusemi mkulima abaki na jembe lililolika mpaka likawa kama kijiko. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lenyewe lilihimiza jembe kubwa mahali pa dogo, na jembe la kukokotwa na ng'ombe mahali pa jembe la mkono. Wala hatusemi mnunue vitu rahisi. Panga la chuma laini ni hasara, na bomba linalovuja dawa mgongoni ni hatari kwa afya. Nunueni kilicho bora. Lakini faida ya kitu bora ni ipi? Ni kwamba hudumu, ukapumzika kukinunua. Anayenunua jembe la miaka 6, kisha mwaka unaofuata akanunua jingine la miaka 6, ameitupa faida ile aliyoilipia.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme bomba lako lina kazi ya siku 12 katika msimu. Ukinunua la pili, wadudu hawaongezeki, wala ekari haziongezeki. Zile siku 12 hugawanyika, siku 6 kwa hili na siku 6 kwa lile. Bei imekuwa maradufu, na kazi ni ile ile. Lakini tuseme mashine ya kupukuchua mahindi ina kazi ya siku 4 kwa mkulima mmoja. Wakulima 10 wakiwa na moja kwa shirika, itafanya kazi siku 40, na kila mmoja atalipa fungu moja katika mafungu 10. Zana ile ile ni mzigo kwa mmoja na ni msaada kwa wengi. Kwa sababu hiyo hasa tuliunda vyama vya ushirika.

Tena lipo jambo ambalo wanaume hatupendi kuambiwa. Zana zinazonunuliwa kwa fedha za tumbaku mara nyingi ni zile ambazo baba huzipenda. Mama wa nyumba hiyo hiyo hupalilia mahindi kwa jembe lililobaki nusu, lenye mpini uliofungwa kamba. Ikiwa nyumbani kuna pampu isiyo na maji na mama hana jembe, basi nyumba hiyo haina zana, ijapokuwa ghala limejaa vyuma. Kabla ya kwenda mjini, na aulizwe yeye anayelima siku nyingi kuliko wote.

Basi, kwa heshima, tunaleta mashauri matatu.

La kwanza: kila mwanachama ajiulize maswali mawili kabla ya kulipa. Zana hii itafanya kazi siku ngapi msimu huu? Je, iliyopo nyumbani imekufa, au imevunjika mpini tu? Mpini ni mti, nao mwituni upo. Tupa ya kunolea, mafuta kidogo ya kuzuia kutu na mpira mpya wa bomba hurudisha zana nyingi kazini kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya.

La pili: kila chama cha msingi kiwe na daftari la zana za shirika, na ndani yake ziandikwe siku ambazo kila zana imefanya kazi. Pasiwepo ruhusa ya kununua ya pili mpaka daftari lionyeshe kwamba ya kwanza imeshindwa na wingi wa kazi. Shauri hili latuhusu sisi viongozi pia. Mizani ya pili na kompyuta ya tatu hulipiwa kwa ushuru wa mkulima yule yule.

La tatu ndilo litakalopigiwa kura katika Mkutano Mkuu ujao. Vyama kadhaa vimeomba mikopo ya zana, ya kukatwa katika tumbaku ambayo bado haijapandwa. Twawaomba wajumbe wasikubali mkopo wowote ambao hauna orodha ya kazi zitakazofanywa na zana hizo, na majina ya watakaozitumia. Orodha ikiwepo na kazi ikiwepo, sisi tutakuwa wa kwanza kutia sahihi. Isipokuwepo, mtakuwa mmeuza majani ya mwakani kwa kutu ya mwaka huu.

Waasisi wa ushirika kule Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, waliweka vitu vichache tu: unga, siagi, sukari, mishumaa. Viliuzwa kwa fedha taslimu, na vilikuwa vile ambavyo wanachama wao walivihitaji kila siku. Duka dogo lile limezaa vyama dunia nzima, na hiki chetu kimo.

Jembe halimtupi mkulima, wasema wazee wetu. Nasi tusilitupe jembe kwa kulinunulia wenzake wasio na shamba. Mungu abariki mvua za msimu huu.