Usonji: kuandikishwa si kubaki shuleni

Mtoto mwenye usonji wa Mkunya, wilayani Newala, ana haki ya kusoma kama wenzake. Ndivyo isemavyo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na ada ya shule ya msingi ilishafutwa. Kuandikishwa si kazi. Kazi ni kubaki.

Kengele inalia, darasa limefurika, mwalimu anapaza sauti. Mtoto anaziba masikio na kutoka mbio. Ataitwa mtukutu, pengine itasemwa amerogwa. Haipiti muda, mzazi anashauriwa akae naye nyumbani. Na msimu wa korosho ukianza, wazazi wakiwa shambani, nani atamrudisha?

Yapo yanayowezekana. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, ina kitengo cha usonji. Baraza la Mitihani nalo huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati. Lakini dakika hizo humfaa aliyefika chumba cha mtihani, na Msimbazi iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Newala.

Kwa hiyo halmashauri za Newala na jirani yake Masasi zianze na mwalimu mmoja wa elimu maalumu kwa kila kata.