Mtaje Jirani Aliyebuni: Jinsi ya Kupendekeza Jina kwa Tuzo ya Taifa

Tunawasalimu akina mama, akina baba, nyanya na walezi wote mlioko Thika, Juja, Ruiru na vitongoji vyake. Leo hatutazungumza juu ya homa wala juu ya lishe. Tutazungumza juu ya watu wanaobuni vitu vya kuwakinga watoto wetu, na jinsi wewe mama unavyoweza kupendekeza jina la mtu kama huyo apewe tuzo ya taifa.

Huenda ukauliza, "Tuzo ina uhusiano gani na afya ya mtoto wangu?" Hebu tusikilize kisa kimoja cha kweli.

Mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, mtoto wa miaka 9 kutoka Kaunti ya Bungoma, Stephen Wamukota, alitazama katika televisheni mafunzo ya kujikinga na ugonjwa huo. Baba yake alikuwa amenunua mbao za kutengenezea fremu ya dirisha. Stephen alizichukua mbao hizo akaunda kifaa cha kunawia mikono. Ukikanyaga kwa mguu, chombo cha maji kinainama na maji yanamwagika. Mikono haigusi chochote. Baba alipotoka kazini alikikuta kifaa kimesimama. Hakukitupa. Alimsaidia mtoto kukikaza, kisha akawaonyesha watu kupitia Facebook. Habari zikaenea haraka. Tarehe 1 Juni 2020, Siku ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alimpa Stephen nishani ya Uzalendo, akiwa mmoja wa Wakenya 68 waliotunukiwa siku hiyo.

Msikilizaji, Stephen hakujitaja mwenyewe. Mtu mzima aliyekuwa karibu naye ndiye aliyeona kwamba kazi ile inafaa kuonekana. Kama baba angegombana naye tu kwa sababu ya mbao, kifaa kile kingebaki uani.

Sasa fikiria nyumba zetu za kupanga. Katika ploti nyingi choo ni kimoja cha familia kadhaa, na mfereji uko mbali na mlango wa choo. Mtoto akitoka chooni anakimbia moja kwa moja kwenda kucheza au kula. Utafiti umeonyesha kwamba kunawa mikono kwa sabuni hupunguza ugonjwa wa kuhara kwa karibu asilimia 30. Basi fundi wa jua kali anayeweka maji na sabuni mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kuyafikia, anafanya kazi ya afya. Akijulikana, kifaa chake kitafika ploti nyingine na shule nyingine. Asipojulikana, kitaozea hapo hapo.

(Muziki kidogo)

Wabunifu wengine ni akina mama kama wewe. Charlot Magayi aliuza makaa katika mtaa wa Mukuru, Nairobi. Mwaka wa 2012 binti yake mdogo aliungua vibaya kwa jiko la makaa. Mama huyo aliamua kutafuta jiko lililo salama zaidi na lenye moshi mdogo, na mwaka wa 2017 akaanzisha Mukuru Clean Stoves. Mnamo Desemba 2022 alishinda tuzo ya Earthshot katika kundi la kusafisha hewa.

Norah Magero, mhandisi, alikuwa na mtoto mchanga akiishi mashinani, akaona taabu ya kupata chanjo pale ambapo vituo vya afya havina friji ya kutegemewa. Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Pamoja na wenzake alitengeneza VacciBox, friji ndogo ya nguvu za jua inayoweza kubebwa hadi kijijini. Mwaka wa 2022 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Alipewa pauni 25,000, na alikuwa Mkenya wa kwanza kuishinda.

Je, majina hufikaje kwenye tuzo? Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni kupendekezwa na wananchi. Nchini Kenya, nishani za Rais zinaongozwa na Sheria ya Heshima za Kitaifa ya mwaka 2013. Wananchi hualikwa kupendekeza majina, na kamati huyachuja. Ukitaka kujua fomu zinatoka lini, muulize chifu wako, au uliza katika ofisi ya naibu kamishna wa kaunti.

Njia ya pili ni mbunifu kujiandikisha mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa ile tuzo ya uhandisi ya Afrika. Hapo kazi yako ni kumwambia, kumtia moyo, na kumtafutia mtu wa kumsaidia kujaza fomu. Mafundi wengi hodari wa mikono huogopa karatasi.

Njia ya tatu ni kupendekezwa na taasisi. Tuzo ya Earthshot hupokea majina kutoka kwa wapendekezaji iliowateua. Kwa hiyo mbunifu wako anahitaji kujulikana na watu wa taasisi. Sisi tuna bahati. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja, katikati ya Thika na Ruiru. Pia kuna Shirika la Kitaifa la Ubunifu la Kenya, KeNIA, lililoundwa kwa sheria ya sayansi na teknolojia ya mwaka 2013.

Kabla ya kumtaja mtu, jiulize maswali manne. Kwanza, kifaa hiki kinaondoa shida gani? Pili, kimetumiwa na nani, na kwa muda gani? Tatu, je, mtoto anaweza kuumia nacho? Nne, je, mwenyewe amekubali jina lake lipelekwe? Kama mbunifu ni mtoto, mzazi au mlezi wake lazima akubali.

Kisha andika maelezo yako. Usiandike hivi: "Fundi huyu ni mtu mwema sana, anasaidia jamii yote." Hayo ni maneno mazuri, lakini kamati haiwezi kuyapima. Andika ulichokiona kwa macho yako. Kwa mfano: "Fundi huyu alitengeneza kifaa cha kunawia mikono mwaka uliopita. Kiko mbele ya choo cha ploti yetu yenye nyumba 12. Mtoto wa miaka 3 anakitumia bila kusaidiwa. Ndoo moja ya lita 20 inatutosha siku nzima. Kiliharibika mara moja, akakirekebisha siku hiyo hiyo." Umeona? Hata ile habari ya kuharibika inasaidia, kwa sababu anayesoma atajua kwamba unasema kweli. Usiandike kwamba magonjwa yamekwisha mtaani kama hujui. Ongeza picha ya kifaa, na maneno ya mtu mwingine anayekitumia, kama vile mwalimu wa nasari au mhudumu wa afya wa mtaa.

Jambo lingine ni hili. Ikiwa kifaa ni kipya kabisa, mshauri mwenyewe aulize kwanza katika Taasisi ya Haki Miliki za Viwanda ya Kenya, KIPI, kabla ya kuonyesha watu wote jinsi kinavyoundwa. La sivyo mwingine anaweza kukiiga, na mwenye akili akabaki mikono mitupu.

(Muziki kidogo)

Sasa sikiliza kwa makini, mama. Tuzo si kibali cha usalama. Mtu anaweza kusifiwa redioni na gazetini, lakini kifaa chake kikawa bado hakijapimwa. Kifaa cha kunawia mikono ni jambo moja. Dawa ya kunywesha mtoto, au mashine ya kupima au kutibu ugonjwa, ni jambo jingine. Vitu hivyo ni lazima vipitie kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Usimjaribie mtoto wako dawa ya mbunifu yeyote kwa sababu tu umeambiwa itashinda tuzo. Mtoto akiugua, mpeleke kituo cha afya. Na jiko lolote, hata lililoshinda tuzo, lisiwashwe chumbani bila dirisha au mlango kuwa wazi, wala makaa yasiachwe yakiwaka mkiwa mmelala.

Jihadhari pia na matapeli. Mtu akikuambia utume pesa kwa simu ili jina lipite, usitume. Muulize chifu, au nenda ofisini wewe mwenyewe.

Kwa ufupi, mpendwa msikilizaji: angalia ni kitu gani cha mtu wa mtaa wenu kinachowasaidia watoto. Hakikisha ni salama. Omba ruhusa ya mwenyewe. Andika ulichokiona, kwa ukweli. Peleka jina panapofaa. Kamati haijui choo cha ploti yenu wala jiko lako. Wewe ndiwe unayekitumia kitu kila siku, na wewe ndiwe unayejua kama kinafanya kazi. Hata jina lisipochaguliwa, barua yako itamwonyesha fundi kwamba kazi yake imeonekana, na pengine itamfikisha kwa mtu wa kumsaidia kuiboresha.

Maswali ya kujadiliana katika chama au kikundi:

1. Ni nani katika mtaa wetu ametengeneza kitu kinachosaidia watoto kuwa na afya njema?

2. Tumekiona kikifanya nini, na kina upungufu gani?

3. Ni nani kati yetu atakayeandika barua, na ni nani atakayekwenda kuuliza kwa chifu?

Nawe mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto na baada ya kumbadilisha nepi.